Chuo kikuu kinatuletea nini Lubumbashi? Maswali yanayorudi kila mwaka

Matokeo ya Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yakitoka, poda nyeupe inamwagwa vichwani, motokari zinapiga honi mtaa mzima wa Katuba, na mtoto anabebwa mabegani mpaka mlangoni kwa mama yake. Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya pili wazazi wanaanza kubisha hodi kwangu, kwa sababu nimefundisha fizikia darasa la sita la sekondari miaka mingi na wanajua mimi pia nilipita Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Maswali yao hayabadiliki sana. Safari hii nimeyaandika, pamoja na ya majirani ambao hawana mtoto chuoni ila wanauliza wale wasomi wa kule juu wanawafaa nini.

Bei na tarehe za mwaka huu zitafute kwenye ofisi ya chuo chenyewe. Hapa ni yale ambayo ubao wa matangazo hauyasemi.

## Ya mwanzo

1. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza lini, na kwa nini hapa?

Kiliundwa mwaka 1955 na kufungua madarasa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Wabelgiji walikuwa wameshaanzisha Lovanium kule Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1954, chuo cha Wakatoliki. Hiki cha kwetu kilikuwa cha serikali. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, kuwa kimoja kilichoitwa UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, na ndipo tukapata jina la UNILU tunalolitumia leo.

Kwa nini hapa? Kwa sababu shaba ilikuwa hapa. Union Minière, kampuni ya migodi, iliundwa mwaka 1906, na bomba lile refu la moshi lilikuwa limeshauzoea mji kabla chuo hakijazaliwa. Kampuni ilihitaji mainjinia, madaktari na watu wa kupima udongo. Ndiyo maana mpaka leo mzazi wa Lubumbashi akisikia neno chuo kikuu, wazo la kwanza ni mgodi. Nusu ya maswali ya ukurasa huu yanatoka katika mazoea hayo.

2. UNILU ndicho chuo pekee cha mji?

Hapana. Kuna taasisi za serikali za fani moja moja: ISP kwa walimu, ISC kwa biashara, ISTM kwa wauguzi na watu wa maabara, ISES kwa kazi za jamii. Kuna vya makanisa na vya watu binafsi: Salama kwa kompyuta, Chuo Kikuu cha Kiprotestanti, Don Bosco, Nouveaux Horizons, na vingine. Likasi, Kolwezi na Kamina vina vyuo vikuu vyao pia.

Ninalowaambia wazazi: chagua kwanza fani, jina la chuo lije baadaye. Nimeona kijana mwenye mikono ya fundi akilazimishwa sheria kwa sababu baba alitaka kusema kanisani kwamba mwanangu yuko UNILU.

3. Hii LMD ni kitu gani? Gradua yangu ya zamani imekufa?

Zamani tulisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. LMD ni lisansi miaka 3, masta miaka 2, halafu doktora. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliuweka mfumo huu kwenye karatasi, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wanafunzi wapya wa nchi nzima waliingizwa humo.

Gradua yako haijafa. Shida iko kwenye jina. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5 ya masomo, lisansi mpya ni 3. Mwajiri akiandika anataka mwenye lisansi, muulize anamaanisha ipi, na kwenye barua yako andika idadi ya miaka uliyosoma. Udaktari wa binadamu una hesabu yake, mrefu kuliko hizi.

## Feza na mlango

4. Minervali nimeshaipata. Nimemaliza?

Hujaanza. Minervali, ada ya chuo, ni ile bei inayoandikwa, na kwa sababu imeandikwa, familia hujipanga nayo: kaka atoe, shangazi atoe, chama cha akiba kitoe. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni vile visivyoandikwa. Silabusi ya kila somo inanunuliwa. Kuna feza za kujiandikisha kwa mitihani. Kuna fotokopi, kuna intaneti ya simu, kuna kanzu nyeupe ya maabara kwa anayesoma tiba au kemia. Kuna nauli ya kutoka Katuba au Ruashi mpaka Kasapa na kurudi, siku sita kwa juma, na saa nyingine anafika akute profesa hayupo.

Kuna chakula. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nilihesabu yote, nikasahau kwamba mtoto atasikia njaa saa sita." Hakuwa mjinga mama huyu, anauza samaki soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na hesabu anaijua kuliko mimi. Ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo kaa na mtoto, andika matumizi ya mwezi mmoja wa kweli, zidisha mara kumi, kisha ongeza minervali. Kiasi hicho kikikushinda, afadhali ujue Agosti kuliko Februari. Usiamue hapo hapo kwamba basi: soma swali la 6, la 18 na la 20 kwanza. Chumba ndani ya kampasi, zile homu, kinapunguza nauli, lakini vyumba ni vichache na vinajaa kupita kiasi. Wengi wanaishia kupanga nyumba na wenzao watatu au wanne karibu na chuo.

5. Si walisema elimu ni bure?

Shule ya msingi ya serikali, kuanzia Septemba 2019. Sekondari na chuo kikuu havimo.

6. Mtoto wa mtu maskini anaweza kweli kupanda kupitia chuo? Tusidanganyane.

Tusidanganyane. Wazee wetu walipanda kwa ngazi nyingine, na ngazi hiyo iliitwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière. Baba akiwa mfanyakazi, hata wa chini, watoto walisoma shule za kampuni, walitibiwa hospitali za kampuni, na unga wa bukari, yaani ugali, ulikuja nyumbani kwa mgao. Mtoto aliyekuwa na akili alifika Kasapa akiwa na viatu miguuni. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, waulize wenyewe, bado wako.

Ngazi ya kampuni ilipovunjika, chuo kilibaki peke yake, na chuo hakitoi unga. Miaka hiyohiyo nacho kiliumia. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa kampasini, Ubelgiji ikakata ushirikiano, na serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa haina feza ya kuziba pengo. Mzigo ukawaangukia wazazi, na haujatoka.

Sasa jibu. Ndiyo, anaweza, na nimewaona: daktari ambaye mama yake anachoma mahindi, injinia ambaye baba yake alikuwa zamu, yaani mlinzi, wa usiku. Ila nikiwatazama wote hao naona kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa na mtu wa pili mbali na wazazi: mjomba mwenye chumba karibu na kampasi, padri, mchungaji, dada mkubwa aliyechelewa kuolewa ili amlipie. Waliokuwa na akili sawa na hao bila mtu wa pili, wengi waliishia mwaka wa kwanza au wa pili. Mtihani wa Serikali unapima akili. Mwaka wa kwanza unapima ukoo. Nikisema hivi wenzangu wanakasirika, lakini sijapata aliyenionyesha kinyume.

7. Nina feza ya mtoto mmoja tu. Nimpeleke binti au kaka yake?

Mpeleke mwenye hamu ya kitabu. Swali hili huulizwa na akina baba, kwa sauti ya chini, na karibu kila mara wameshaamua mvulana. Mimi huuliza tu: mwaka jana ulipolazwa, nani alikuja na sufuria ya uji, na nani aliitwa kwa simu mara tatu? Halafu tunaendelea kuongea.

## Kazi na ufundi

8. Akisoma migodi, atapata kazi mgodini?

Huenda. Idara za migodi na metalujia za UNILU ni za zamani na zina heshima. Ukiingia ofisi za kampuni za Kolwezi, Likasi au Fungurume utakutana na watu waliopita humo. Nchi yetu inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia na ni miongoni mwa wakubwa wawili watatu wa shaba. Kwa nini basi mainjinia vijana wanauza vocha za simu?

Kwanza, mgodi wa siku hizi unakula mashine kuliko watu. Lori moja linabeba kazi ya mamia ya makoleo, na shimo lote linahitaji mainjinia wachache. Pili, kazi nyingi ziko kwa wakandarasi wadogo wanaopewa kipande: usafirishaji, umeme, chakula, ulinzi, uchomeleaji. Sheria ya mwaka 2017 iliwawekea Wakongomani kazi hizi za ukandarasi, lakini wakandarasi hao wanatafuta fundi wa haidroliki na dereva mwenye cheti, na wakimpata injinia wanamlipa kama fundi. Tatu, tangu Katanga igawanywe majimbo manne mwaka 2015, migodi mingi mikubwa iko Lualaba na vyuo vingi viko Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi. Kijana wa Kolwezi anauliza kwa nini kazi ya kwao ichukuliwe na mtu wa Lubumbashi, na swali lake lina uzito.

Nne ni lugha. Anamaliza na Kifaransa kizuri cha darasani, anakuta mkutano wa zamu unaendeshwa kwa Kiingereza au Kichina, huku Kiswahili ndicho kinachofanya kazi shimoni. Anayejifunza Kiingereza jioni tangu mwaka wa kwanza, tena akajua programu moja ya kuchora mgodi na akawa na leseni ya kuendesha, huyo anaitwa.

Kama moyo wa mtoto uko kwenye umeme au kuchomelea, INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ipo na haina aibu. Mjini hapa namjua fundi wa breki anayemlipia minervali mdogo wake anayesoma metalujia.

9. Staji, yale mazoezi ya kazi, inapatikanaje?

Chuo kinatoa barua. Nafasi unaitafuta mwenyewe, na hapo ndipo jina la ukoo linaanza kufanya kazi (rudi swali la 6). Anza kupeleka barua miezi sita mapema, usipeleke kwa kampuni kubwa tu. Karakana ndogo ya Kampemba inaweza kukufundisha pampu kuliko ofisi yenye kiyoyozi ambamo utatumwa kununua maji. Na ukiombwa feza ili upewe staji, jua umekutana na mwizi, hata akiwa amevaa tai.

10. Nasikia tutatengeneza betri hapa. Ni kweli au ni siasa?

Ni vyote viwili. Mwaka 2022 kilizinduliwa hapa Lubumbashi kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, pamoja na UNILU, na mwaka huohuo Kongo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kujenga pamoja mnyororo wa betri za magari ya umeme. Wazo si baya: badala ya kuuza hidroksidi ya kobalti na kuiona ikirudi ndani ya simu, tuipeleke mbele hatua moja au mbili hapahapa, tutengeneze ule unga unaotangulia betri.

Kiwanda ni jambo jingine. Kinataka umeme usiokatika, na sisi tunajua umeme wetu. Faida ninayoiona leo ni ya darasani: vijana wa kemia sasa wanafundishwa kinachofuata baada ya kuyeyusha, jambo ambalo kizazi changu hakikuguswa nalo. Mwanao akipenda kemia, mwache.

11. Hawa wote wakienda migodini, nani anabaki mjini?

Wengi hawaendi. Ukihesabu wanaofanya kazi kila siku wa mji huu, waliotoka vyuoni ni wauguzi, madaktari wa hospitali ya Sendwe na wa Kliniki za Chuo Kikuu, mahakimu, wahasibu, walimu. Nyama unayokula imepita mikononi mwa mtu wa afya ya mifugo, na Lubumbashi ndiyo nyumba ya kale ya fani hiyo nchini. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto ambao leo wanafundisha watoto wa wale niliowafundisha. Hii haionekani kwenye takwimu za mauzo ya shaba, na mshahara wetu unaonyesha kwamba haionekani.

12. Akisoma lugha na fasihi, atakula nini?

Atafundisha, atatafsiri, ataandika habari, atatoa sauti redioni. Hatatajirika haraka. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha Lubumbashi miaka ya 1970 kabla ya kwenda Marekani, na dunia nzima ya wasomi wa Afrika ikamsoma. Na Kiswahili chetu hiki, tunachochekwa nacho tukifika Dar es Salaam, kimechunguzwa kwa uzito katika madarasa ya Lubumbashi: sarufi yake, nyimbo zake, maigizo yake. Mimi mtu wa fizikia nakiri kwamba hilo liliniponya aibu fulani.

## Mji, udongo na afya

13. Sina mtoto chuoni. Chuo kinanifaa nini mimi?

Kinapima mkojo wako. Usicheke.

Watafiti wa sumu wa UNILU, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walichukua mkojo wa watu wa kawaida wa Katanga, wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha, na wale wanaoishi mbali. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Walioishi chini ya kilomita 3 walikuwa na kobalti, risasi, kadmiamu na hata urani mwilini kuliko wa mbali. Kwa kobalti, viwango vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kwa watu wasiofanya kazi kiwandani.

Wakaenda Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao na kuanza kuchimba uani. Walipima wakazi 72, watoto 32 wakiwemo, na kuwalinganisha na mtaa wa jirani. Utafiti ulitoka mwaka 2018: watoto ndio waliobeba zaidi, na chembe zao za urithi zilikuwa na dalili za kuumizwa. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, wa Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro. Ulionyesha kwamba baba akifanya kazi inayohusiana na migodi, hatari inaongezeka.

Kabla ya hapo, ukilalamika juu ya vumbi unaambiwa ni maneno ya watu wa mtaa. Sasa kuna namba, na waliozitafuta ni watu wa hapa, wanaonunua unga soko lilelile. Kwangu mimi hiki ndicho chuo kilichonifaa zaidi kuliko injinia yeyote kiliyemtoa, na ni ajabu kidogo: kilijengwa kwa ajili ya shaba, na kazi yake nzuri kuliko zote ni kuipelekea shaba hesabu ya madeni.

Cha kufanya nyumbani: sumu hii inaingia hasa kwa vumbi la ndani, na kwa watoto mikono ndiyo njia. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Baba akitoka kwenye mawe avue nguo za kazi nje. Beseni la kuoshea mawe lisioshee vyombo.

14. Je, mboga za bustani yangu ni salama?

Inategemea bustani iko wapi. Watu wa agronomia wamepima lengalenga, kabichi na mboga nyingine za majani zinazolimwa mjini na kandokando ya mito yake, na wamekuta shaba, kadmiamu na risasi katika nyingi, hasa chini ya upepo wa viwanda au pale maji ya kumwagilia yanapopita kwenye takataka za kuyeyusha.

Vumbi lililokaa juu ya jani linatoka ukiosha vizuri. Kilichopanda kupitia mizizi hakioshwi. Dawa yake ni udongo: chokaa na samadi nyingi zinapunguza ukali wa asidi na kuyashika madini chini, mmea usiyavute. Ikiwa kiwanja ni kibaya, panda nyanya au mahindi badala ya mboga za majani. Tunda na punje kwa kawaida hubeba kidogo kuliko jani. Tunaambizana kwamba chai ya limau inatoa sumu. Limau kunywa, ni tamu, lakini chokaa weka.

15. Pale Penga Penga, karibu na kiwanda cha kuyeyusha, kwa nini hakuoti kitu?

Moshi wa kiwanda, kuanzia mwaka 1911, ukisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, uliangusha shaba upande ule kwa miongo. Miti ikafa, mvua ikachukua udongo wa juu. UNILU na washirika wa Ubelgiji walijaribu kupanda miti kwenye mashimo yaliyojazwa chokaa na mboji, na kueneza majani madogo yanayovumilia shaba, *Microchloa kunthii*, ili angalau vumbi lishikwe. Siyo msitu. Ila pale ambapo kuna majani, kiatu chako hakirudi kimejaa unga.

16. Wanafunzi wanakuja na madodoso, wanaandika, wanaondoka. Sisi tunapata nini?

Lalamiko la haki. Kwenye mtaa wetu walipita vijana watatu kwa mwaka mmoja, wote wakiuliza juu ya makala, yaani makaa ya kupikia: tunapika kwa gunia ngapi, tunanunua wapi. Msitu wa miombo unaozunguka mji unaisha kwa ajili ya majiko yetu, kwa hiyo swali lilikuwa zuri. Jibu hatukuletewa.

Siku hizi nimejiwekea sheria: anayetaka majibu yangu aniachie jina la idara yake, na aahidi mbele ya mke wangu kurudi na kurasa mbili kwa Kiswahili. Kati ya wanne niliowapokea tangu hapo, mmoja alirudi. Tulimpikia kuku.

17. Chuo kinaleta feza mtaani?

Uliza siku ya mgomo. Maprofesa wakisimamisha masomo, mwenye mashine ya fotokopi anafunga, mama wa bukari anapika nusu sufuria, motari, wale wa pikipiki za abiria, wanahamia upande mwingine wa mji, na wenye vyumba vya kupangisha wanaanza kupokea ahadi badala ya kodi.

## Kesi za pembeni

18. Kampuni ya mgodi iko kijijini kwetu. Inaweza kuwalipia watoto wetu chuo?

Inaweza, na mna mahali pa kudai. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kutia sahihi nazo daftari la ahadi. Pia asilimia 15 ya mrabaha wa madini inakwenda kwa sektari, utemi au komini yenye mgodi.

Vijiji vingi huandika kisima, darasa, zahanati. Vizuri. Lakini hakuna kinachowakataza kuandika pia burse, yaani ufadhili wa masomo: vijana watano kila mwaka, minervali na nauli na chakula (swali la 4, tafadhali), kwa masharti kwamba wawili wasomee uuguzi au ualimu. Mwandike idadi na fani, msiandike "kusaidia elimu". Maneno laini hayadaiki.

19. Nitajuaje kwamba chuo binafsi ni cha kweli?

Omba kuona kibali cha wizara ya elimu ya juu kwa ile fani hasa unayotaka; chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya biashara na kikafundisha tiba bila ruhusa. Tafuta mtu aliyemaliza hapo miaka mitatu iliyopita, uone kama diploma yake mkononi anayo au bado anaahidiwa. Mimi na mpwa wangu tulilipia mwaka mzima mahali fulani, nisipataje, tukaja kugundua kwamba mtaalamu wa maabara alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa mtu mwema, na kemia alikuwa anajaribu.

20. Amekwama mwaka wa pili kwa kukosa feza. Yote yamepotea?

Hapana, lakini aende chuoni, asijifiche. Chini ya LMD masomo aliyoyafaulu yanahesabika kama krediti. Aombe karatasi inayoyaonyesha, yenye muhuri, akiwa bado anajulikana pale. Karatasi hiyo ndiyo atakayorudi nayo baada ya mwaka, au atakayoipeleka chuo kingine. Wanaotoweka bila karatasi ndio wanaoanza upya. Aulize pia kama anaweza kulipa kwa vipande, maana ofisi nyingi zinakubali anayekuja mapema na kukataa anayekuja siku ya mtihani.

21. Mimi nina miaka 46. Nimechelewa?

Diploma ya Serikali haiozi. Kama uliipata mwaka 1998 na bado unayo, inafungua mlango uleule. Kuna vyuo vyenye masomo ya jioni kwa wanaofanya kazi. Jirani yangu aliyekuwa anauza kitenge alianza sheria akiwa na wajukuu wawili. Vijana walimwita mama mwaka wa kwanza, wakamwita mwenyekiti mwaka wa pili, na mpaka leo anakaa benchi la mbele kwa sababu ya macho.